Mabati ya Banda la Mzia

Helena alikuwa amechutama mbele ya jiko la mkaa, anapepea kwa kifuniko cha sufuria, mumewe Laurenti alipoita kutoka barazani kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

"Mama Debora! Amekubali! Yule fundi wa Dar es Salaam amekubali. Jumamosi anafika hapa Lindi, tunakwenda naye Sudi kuliangalia gari."

Mkono wa Helena ukasimama. Majivu yakatua taratibu juu ya samaki aliokwisha kuwapaka ndimu.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Baba Debora."

"Mbona huchangamki sasa?"

"Moshi umeniingia kooni," akasema, akakohoa kidogo ili maneno yake yapate nguvu. Kumdanganya mtu asiyeona hakuhitaji uso, kunahitaji sauti tu, na sauti ya Helena ilikuwa imeshapata mazoezi ya kutosha.

Gari lenyewe lilikuwa la Kimarekani, Plymouth Barracuda, la milango miwili, lenye boneti refu na injini ya silinda nane. Lililetwa kwa meli na Mgiriki mmoja aliyekuwa meneja wa shamba la mkonge nje ya mji wa Lindi, zamani hizo Laurenti angali kijana aliyeteremka kutoka Newala akiwa hajui hata kupanda baiskeli. Mgiriki alimfundisha udereva, kisha akamfundisha injini, na siku alipofunga virago kurudi kwao akamkabidhi funguo. Watu walidhani Laurenti atapata kichaa kwa furaha. Alilala ndani ya gari wiki nzima, akiogopa litaibwa.

Baadaye alipata kazi ya kuendesha lori la samaki, akahamia Sudi, akaenda na gari lake. Wavuvi wa Sudi walitaka kujua jina lile gumu lina maana gani. Akawaambia ni samaki, yule mrefu mwembamba mwenye meno makali, anayepita majini kama mshale. "Basi huyo ni mzia," wakasema, na tangu siku hiyo gari likawa Mzia. Mzia lilikimbiza wagonjwa mjini, likabeba maharusi wa dini zote mbili, likapeleka maiti makwao. Helena mwenyewe alikwenda kanisani kufunga ndoa akiwa ameketi mbele upande wa kulia. Kwa kuwa usukani wa Mzia ulikuwa kushoto, wanawake wa Sudi walipiga vigelegele mara mbili, wakidhani bibi harusi ndiye anayeendesha.

Vipuri vilipokosekana, Mzia likasimama. Laurenti akalijengea banda la nguzo za mikoko na kuta za makuti, akawa anasema siku moja atalifufua. Miaka ikaenda. Hakuacha kulipaka grisi, hakuacha kulifuta, na mara ya mwisho alipopata fedha ya maana baada ya mavuno mazuri ya korosho, aliezeka lile banda upya kwa mabati mazito ya kung'aa, akapanda juu mwenyewe kupigilia misumari ingawa alikuwa na wajukuu.

Kisha nuru ya macho ikaanza kumtoka. Daktari alisema ni presha ya macho na kwamba wamechelewa. Wakahamia Lindi mjini ili wawe karibu na kliniki, lakini mwaka ule wa korona ulipokwisha, Laurenti hakuwa akiona hata mwanga wa taa. Alipoambiwa kwamba hakuna operesheni itakayorudisha kilichokwisha kupotea, alirudi nyumbani akageukia ukutani. Alikataa kula. Hakutaka redio wala wageni. Debora, binti yao wa pekee, alikuja akamlilia miguuni, hakugeuka.

Ilikuwa katika siku zile zile upepo ulipoezua nyumba ya Debora kule Mingoyo. Mumewe alikuwa ameshamwacha na watoto, na mvua za masika zilikuwa zinaanza. Helena alikwenda Sudi peke yake, akasimama mbele ya banda la Mzia, akayatazama yale mabati. Halafu akatafuta mtu wa kumpandisha juu na akayang'oa. Gari akalifunika kwa turubai zito, akalikaza kwa kamba, akajiambia mabati mengine atayanunua msimu ujao wa korosho. Kwa Debora alisema ni zawadi ya baba yake. "Ila usimshukuru," akamwonya. "Ukimtajia mambo ya gari utamtonesha."

Aliporudi Lindi alimkuta mumewe vilevile, ameelekea ukutani. Kwa kukosa la kusema akasema, "Nimepita Sudi. Mzia linakusalimu."

Laurenti akageuka. "Umelifunua?"

"Nimelifunua."

"Rangi?"

"Ile ile nyekundu."

"Milango inafunguka?"

"Inafunguka."

Jioni ile alikula ugali wote uliokuwa kwenye sahani. Helena alikaa akimtazama anavyotafuna, na alijua kwamba kuanzia hapo hataweza kusema lolote kuhusu mabati.

Msimu wa korosho ulikuja ukapita, na fedha ikaingia kwenye dawa na kodi ya nyumba. Mwaka uliofuata alipolegeza kamba na kuinua pembe ya turubai, harufu ya uvundo ilimpiga usoni. Chini yake kulikuwa na majimaji, na kutu imechimbuka kwenye milango kama upele. Akalishusha turubai haraka. Tangu siku hiyo kila alipokwenda Sudi aliokota korosho zake, akapita mbali na banda, na akirudi nyumbani alisema rangi ni ile ile.

Sasa fundi anakuja.

Namba ya fundi ilikuwa kwenye simu ya Laurenti, na aliyekuwa akimpigia simu zake zote ni Helena. Alhamisi alikwenda sokoni, akasimama nyuma ya vibanda vya nazi, akapiga.

"Shikamoo mama," akaitika mtu wa upande wa pili. Jina lake Iddi, mwenye gereji ya magari ya zamani.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni mke wa Mzee Laurenti. Nina ombi. Ukifika ukakuta lile gari limeoza, mwambie ni uzee. Mwambie chuma nacho huchoka."

"Kwani limeoza, mama?"

"Limeoza."

"Mzee kaniambia mama analikagua mwenyewe kila mara, liko salama. Ndiyo maana nikakubali kusafiri."

Helena akampisha mchukuzi wa magunia, simu ikiwa bado sikioni.

"Mama, mimi nitasema nitakachokiona," Iddi akasema kwa upole. "Asiponiuliza chanzo, sitakitaja. Akiniuliza, sitamficha mtu mzima."

Alipokata simu alijiona mchafu. Mpaka siku ile lilikuwa jambo la nyumbani kwake. Sasa alikuwa amekwenda kumwomba mgeni, mtu asiyemfahamu hata sura, amsaidie kumdanganya mume wake. Akanunua nazi asizozihitaji ili asirudi mikono mitupu.

Jumamosi asubuhi alidhamiria kusema. Laurenti alikuwa amekwisha kuoga, ameketi kitandani na mashati mawili mapajani.

"Baba Debora, kuna jambo."

"Ngoja kwanza. Lipi la bluu?"

"La mkono wa kulia."

"Nataka la bluu. Nisije nikaonekana kama mtu anayeuza skrepa." Akavaa, akafunga vifungo mpaka shingoni, akanyanyua uso wake uliojaa furaha. "Haya, jambo gani?"

"Usisahau kofia," Helena akasema. "Jua kali."

Iddi alifika na pikapu ya milango minne iliyojaa vumbi la safari. Alikuwa mtu wa makamo, mnene kidogo, mwenye kusema kwa uchache. Alimwamkia mzee kwa mikono miwili. Alipomwamkia Helena, aliangalia pembeni.

Njia nzima Laurenti alizungumza yeye. Alieleza Mzia lilivyonguruma, jinsi alivyowahi kulipita basi la Mtwara huku abiria wakipunga mikono madirishani, jinsi alivyotengeneza pampu ya mafuta kwa kipande cha kandambili. Iddi alicheka penye kuchekesha. Helena, aliyeketi nyuma, alihesabu vijiji akitamani viongezeke.

"Hapa tumefika Mingoyo," Laurenti akasema. "Nasikia harufu ya chumvi na magari mengi. Tumsalimie Debora?"

Nyumba ya Debora ilikuwa pale pale kando ya barabara, paa lake linawaka kwa jua hata kuliangalia ni taabu.

"Tutachelewa," Helena akasema. "Tutampitia wakati wa kurudi."

Kwenye kioo cha kutazamia nyuma macho ya Iddi yalimtazama mara moja, yakarudi barabarani.

Huko Sudi, Laurenti hakutaka kushikwa mkono. Alishuka, akausikia mchanga chini ya viatu, akageuza uso kuelekea upepo wa baharini mpaka akapata uelekeo, kisha akatangulia na fimbo yake. Aliujua uwanja wake. Alipita kati ya mikorosho bila kujikwaa, akagusa nguzo ya mlango wa banda, akaipapasa juu mpaka chini kama anamsabahi mtu. Halafu akaingia, na alipoingia akavua kofia.

Helena alikuwa nyuma yake. Aliona jua likiwaka juu ya kipara cha mumewe, na akaona mumewe anavyosimama ghafla. Laurenti akainua kiganja chake taratibu, akakikunjua, akakigeuzageuza hewani juu ya kichwa.

"Helena."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Debora azaliwe.

"Abee."

"Mbona jua linanipiga na mimi niko ndani?"

Iddi aliinamisha kichwa, akawa anakwangua tope lililokauka kwenye kiatu chake kwa kijiti. Kutoka upande wa hori, baharini, zilisikika sauti za watu wanaogawana samaki.

"Niliyatoa mabati," Helena akasema.

"Lini?"

"Mwaka ule upepo ulipoezua nyumba ya Debora."

"Yako Mingoyo."

"Yako Mingoyo."

"Tumepita pale leo."

"Tumepita."

Laurenti akashusha mkono. "Ungeniomba, ningekunyima?"

"Usingeninyima."

"Sasa?"

Helena alifungua kinywa. Angeweza kusema, ulikuwa umegeukia ukutani, ulikuwa huli, niliogopa utakufa. Yote hayo yalikuwa kweli, lakini alijua kwamba si kweli nzima, na pale kwenye jua, mbele ya mgeni, nusu ya kweli ilimkwama.

Mzee akangoja. Alipoona hapati jibu akasema, "Fundi, fanya kazi yako."

Iddi akakata kamba, maana mafundo yalikuwa yameshashikana. Akalivuta turubai. Likatoka na vipande vya rangi vimenata upande wa ndani, na mjusi akakimbia kutoka kwenye tundu la taa. Iddi alilizunguka gari mara moja bila kuligusa. Kisha akalala chali kwenye mchanga, akajisukuma chini yake. Walisikia bisibisi ikigonga, ko, ko, halafu ikaacha kugonga, ikawa inazama tu, kama inachomwa kwenye muhogo uliochemka. Alipojaribu kuweka jeki, jeki ilipanda ndani ya chuma na gari halikunyanyuka.

Akatoka, akajifuta. Akafungua boneti kwa taabu, akainamia humo kitambo kirefu, akafuta kibati chenye namba za kiwandani, akakisoma kwa sauti ya chini. Alipoinuka, uso wake ulikuwa na majonzi ya kweli.

"Mzee, hili ni gari adimu sana. Kuna watu wangetokwa machozi kuliona. Ningelikuta miaka mitano nyuma, ningelibeba siku hiyo hiyo." Aliposema hivyo Helena alishika nguzo. "Lakini sasa sakafu imekwisha. Chesesi imeliwa pande zote mbili, nguzo za milango zimeliwa. Turubai nalo limechangia, linafungia unyevu, gari linatoka jasho halikauki. Nikisema nilitengeneze, nitakata hiki, nitakata kile, nitachomelea bati jipya kila mahali. Mwisho wake nitakuwa nimejenga gari jingine na kulipa jina la hili."

"Injini?"

"Imekamata, haizunguki, ila inaweza kufunguliwa. Hiyo siyo ya kutupa."

Laurenti akatikisa kichwa polepole. Akasogea, mikono mbele, mpaka vidole vyake vikakuta ukingo wa boneti. Akaufuata. Penye bati zima akapita kwa kiganja kizima; penye kutu akasita. Juu ya gurudumu la mbele kidole chake kikaingia ndani, na alipokitoa kikatoka na magamba.

"Mama Debora," akasema, akiwa bado ameinama. "Nielezee."

"Fundi ameshasema."

"Fundi ameniambia kama fundi. Wewe ndiye macho yangu, nielezee wewe. Anza mbele."

Hapo ndipo Helena alipotamani ardhi ipasuke. Lakini alianza. Alizunguka gari lile hatua kwa hatua, akasema kila alichokiona. Alisema taa ya kulia haipo, na ya kushoto imejaa maji ya kijani. Alisema wekundu umebaki kidogo karibu na kioo, kwingine kote ni kahawia, na kwamba mlango wa dereva umeachana na bodi, una tundu ambalo kuku anaweza kupita. Alisema viti vimechanika na ndani mmeota majani. Alipofika nyuma hakusimama. Alisema buti limetitia na bampa liko chini mchangani. Laurenti alisikiliza bila kumkatiza, kichwa ameinamisha upande mmoja, kama mtu anayesikiliza majina ya wafu yakisomwa kanisani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Miaka yote hii," mzee akasema, "nilikuwa nalala nikiliona jekundu." Akavaa kofia yake. "Turudi."

Mingoyo walipita bila kusimama.

Nyumbani Laurenti hakugombana. Helena aliomba agombane. Alikuwa tayari kwa matusi, kwa fimbo hata, ingawa hakuwahi kumpiga maishani mwake. Badala yake mzee alikuwa mpole, akaitika kila alipoitwa, akala alichopewa. Ila aliacha kumwamini kwa mambo madogo. Helena akisema chai imeshapoa, yeye alitia kwanza ncha ya kidole. Akisema kumekucha, alinyoosha mkono dirishani kutafuta joto la jua. Shati la bluu akamuuliza mpangaji wa chumba cha pili. Siku moja Helena alimkuta barazani anamshikisha muuza maandazi noti zake, amwambie ipi ni ipi, na muuza maandazi alipomwona Helena mlangoni aliona haya kwa niaba yake. Helena akarudi ndani, akakaa juu ya kitanda, mikono mapajani. Hakuna jambo lililomuumiza kama lile, na hakuwa na mtu wa kumlalamikia, kwa kuwa kila alipotaka kusema ananionea, aliikumbuka sauti yake mwenyewe ikisema ile ile nyekundu.

Debora alikuja baada ya kusikia. Hakuketi.

"Mama, umenifanya mwizi wa baba yangu," akasema. "Miaka yote nalala chini ya yale mabati namwombea Mungu kwa zawadi yake, kumbe hana habari." Akamgeukia baba yake. "Baba, nitayashusha. Nimeshamwambia fundi wa paa."

"Nyamaza," Laurenti akasema. "Wanao watalala wapi? Ningekuwa na macho ningeyapandisha mwenyewe."

"Lakini gari, baba."

"Gari limekwisha." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. "Mpigie Iddi. Mwambie aje achukue kinachomfaa. Wakati wa kurudi alisema rafiki yake ana gari kama hili huko Dar, lina bodi nzima ila halina injini. Mengine wauze chuma chakavu. Sitaki lizidi kuoza likinisubiri."

Debora akampigia simu kwa mkono wake. Helena alikuwapo pale pale, simu ikiwa karibu naye.

Siku Iddi alipokuja na lori, Laurenti hakutaka kwenda. Helena akaenda. Alirudi alasiri, akamkuta mumewe ameketi barazani na redio iliyozimwa. Mzee hakuuliza kitu. Zamani angeshauliza kabla hajavua viatu.

Helena akavuta mkeka, akakaa karibu na miguu yake, akamsimulia bila kuulizwa. Jinsi injini ilivyotolewa kwa mnyororo na wanaume wa Sudi wakiimba. Jinsi lile boneti lilivyokuwa zima kuliko walivyodhani, na Iddi akalifunga kwenye blanketi kama mtoto. Jinsi bodi ilivyonyanyuliwa ikakatika katikati, nusu ikapanda lorini, nusu ikabaki mchangani, na vijana wakacheka, naye akawafokea mpaka wakashangaa.

"Umemaliza?" Laurenti akauliza.

"Bado."

Akavuta pumzi. "Siku ile uliniuliza kwa nini sikukuomba. Nilinyamaza. Niliyatoa yale mabati kwa ajili ya Debora, hilo ni kweli. Lakini nilipokuwa nasikia misumari inang'oka, nilifurahi. Mzia liliezekwa kwa mabati mapya, na jiko langu la Sudi lilikuwa linavuja, napikia na ungo kichwani kila masika. Niliona kama nimelikomoa. Ningekuomba ungenipa, na mimi sikutaka kupewa. Nilitaka kulinyang'anya."

Mikono ya Laurenti ilikuwa juu ya kichwa cha fimbo, mmoja juu ya mwenzake.

"Nilikuwa nakuona," akasema. "Na ule ungo. Macho yangu yalikuwa mazima."

Helena alitegemea kwamba akishalitoa lile la mwisho angejisikia mwepesi, lakini haikuwa hivyo. Aliinuka akaenda kukoroga uji, na alipomletea, mzee alitia kidole kama kawaida. Helena akaketi akamngoja amalize kupima.

Ukapita muda. Mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza pale Iddi alipopiga simu asubuhi moja, sauti yake imejaa furaha isiyokuwa ya kawaida yake. Injini ilikuwa imefunguliwa, imesafishwa, imefungwa kwenye lile gari jingine. "Msikilize, mzee," akasema, na akaisogeza simu.

Laurenti aliibana simu sikioni kwa mikono miwili. Helena, aliyekuwa anachambua mchele, aliona uso wake unavyobadilika, midomo inavyochezacheza kama anaongea na mtu wa ndani. Akasikiliza, akasikiliza. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya tangu siku ile ya Sudi. Akanyoosha mkono wenye simu kuelekea upande aliposikia ungo.

"Na wewe sikia."

Helena akapokea. Akaweka sikioni. Ilikuwa ngurumo tu, kubwa, yenye kukwaruza, ikipanda na kushuka.

"Unasikiaje?" Laurenti akauliza.

Neno zuri lilikuwa limeshamjia mdomoni, tamu, tayari kutoka. Akalimeza.

"Nasikia kelele, Baba Debora. Kama mashine ya kusaga."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, akacheka, akacheka mpaka akashika mbavu, mpaka mpangaji wa chumba cha pili akachungulia kuona kuna nini. Helena hakucheka. Alikata simu, akamrudishia mkononi, akarudi kwenye mchele wake, akawa anatoa mawe moja moja, kwa uangalifu, huku machozi yanamshuka na yeye hayafuti.